Masta ya Mawasiliano: Tafuta Swali Kabla ya Kutia Alama Kwenye Fomu

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana waliohitimu vyuo, Malindi, baada ya Swala ya Alasiri katika mwezi wa Ramadhan. Tumeiacha kama ilivyosemwa, pamoja na maswali mawili ya mwisho.)



Ndugu zangu wa kiume na wa kike, nawashukuru kwa kuja na hali mmefunga, na jua la Malindi mwalijua. Sitarefusha sana, manake humu ndani kuna wenye zamu ya kupika futari na kuna wenye zamu ya kuila tu.

Nimepewa mada ya kuchagua mkondo wa kubobea katika masta ya mawasiliano na vyombo vya habari. Waliopanga kikao hiki waliniambia kuna vijana wetu kadhaa wamemaliza digrii ya kwanza, wengine hapa karibu Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, wengine Nairobi, wengine Eldoret, na sasa wameshika fomu za masta. Fomu ina visanduku kama karatasi ya kura: uandishi wa habari, mahusiano ya umma, mawasiliano ya maendeleo, mawasiliano ya afya, filamu na utangazaji, sera na sheria za vyombo vya habari. Kila chuo kina mpango wake na majina yake, lakini mikondo hii utaikuta kwa sura moja au nyingine. Kijana ameshika kalamu, hajui atie alama wapi. Amuulize nani? Nyumbani mzee swali lake ni moja tu: "Kwa hivyo utasoma habari redioni?"

Rai yangu nitawaambia mapema, ili asiyeitaka apumzike. Usianze na kisanduku. Anza na jambo moja la hapa kwetu, baina ya Mtwapa na Marereni, ambalo likizungumzwa wewe huwezi kunyamaza. Jambo ambalo waona watu hawakuelezwa, au walielezwa nusu, au walisema wao na hakuna aliyewasikiza. Ukishalipata jambo hilo, uliza ni mkondo gani unaofundisha zana za kulichimbua. Basi tia alama hapo.

Nitawaeleza kwa nini. Masta nyingi za Kenya hupangwa miaka miwili. Mwaka wa kwanza mwakaa darasani, wa pili ni tasnifu. Darasani watu hupita. Kwenye tasnifu ndiko majahazi hupanda mwamba. Mtu yuwapeleka kichwa cha kwanza, chakataliwa. Cha pili, chakataliwa. Msimamizi yuko safarini. Mwaka wa tatu huo, wa nne, ada yaendelea kudaiwa, na nyumbani kipande cha shamba la mikorosho kilishauzwa. Ukiwatazama hao waliokwama, wengi wao si wajinga hata kidogo. Walichagua mkondo kwa kusikia kwamba una kazi, wakafika mwaka wa pili hawana swali. Sasa mtu asiye na swali ataandika nini kurasa mia moja?

Na kuna suala la pesa. Usimlipe profesa akufundishe kitu ambacho kituo cha redio kitakufundisha bure. Kushika kamera, kukata sauti, kusoma taarifa, kupanga ukurasa, hayo kijana mwerevu huyajua kwa miezi michache akikaa karibu na fundi, na siku hizi simu yenyewe ni studio. Hii wanayoiita akili mnemba nayo yaandika taarifa ya kupelekewa waandishi wa habari kwa dakika moja. Kiswahili chake chachechemea kidogo, lakini yaandika. Vitu vigumu kuvipata nje ya chuo ni vyengine: kutafiti kwa utaratibu, kusoma takwimu bila kudanganywa nazo, kuijua sheria, kujua chombo chamilikiwa na nani na chalishwa na nani, na kupima kama ujumbe ulifika au uliishia hewani. Hivyo ndivyo vya kuuzia mkorosho, kama ni lazima uuzwe.

Hapa kwetu si jambo geni, hili la mtu kuwa na la kusema kwanza halafu akatafuta chombo. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Hakuwa na cheti cha uandishi wa habari. Alikuwa mwanachuoni aliyeona Waislamu wa pwani wanarudi nyuma kielimu na kimaisha chini ya utawala wa kikoloni, akaona khutba peke yake haimfikii kila mtu. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alisomea mambo ya siasa Manchester, Columbia na Oxford, kisha mwaka 1986 akaonekana kwenye televisheni za Uingereza na Marekani kwa vipindi tisa juu ya urithi wa aina tatu wa Afrika. Baba gazeti, mwana televisheni. Hakuna kati yao aliyeanza kwa kupenda mtambo.

Lakini msinielewe kwamba shule ya mawasiliano haina kazi. Zama za Sheikh, msomaji wengi wao walimjua mwandishi kwa uso, na akikosea walimfuata barazani. Leo neno la mhubiri au mwanasiasa lapita kwenye mitambo ya kampuni zilizo ng'ambo, lachaguliwa na hesabu tusizoziona, lafika kwenye simu ya kijana wa Gongoni saa sita za usiku akiwa peke yake. Hilo lataka watu waliolisomea.

Sasa nataka niwape mifano mitatu ya jimbo letu la Kilifi, manake nikizungumza hewani tu mtarudi nyumbani kama mlivyokuja.

Wa kwanza ni hospitali ya Kilifi. Taasisi ya KEMRI na wenzao wa Wellcome wako pale tangu mwaka 1989. Chanjo ya malaria ya R21, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2023, Kilifi ni miongoni mwa mahali ilipojaribiwa katika awamu ya tatu, pamoja na Bagamoyo kwa ndugu zetu wa Tanzania, na Burkina Faso na Mali. Ni fahari kubwa hiyo, na watoto wengi wataishi kwa sababu yake inshallah. Lakini tangu zamani vijijini kumekuwa na maneno ya damu. Kwamba huchukuliwa nyingi. Kwamba yauzwa. Wengine wakaenda mbali wakasema ni mambo ya kishetani. Watafiti wa pale hawakuyacheka maneno hayo, waliyachunguza na kuyachapisha, na wakaweka wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na wanavijiji wenyewe ili mazungumzo yapite pande zote mbili.

Tazameni ugumu wake. Katika jaribio lile la R21 mtoto mmoja alipewa chanjo ya malaria, na mwengine, kwa kulinganisha, alipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, na mzazi hakuambiwa mwanawe yuko upande gani mpaka wakati ufike. Hilo ni jambo la haki kisayansi, ndivyo majaribio yanavyofanywa duniani kote. Sasa wewe mweleze nyanya wa Chonyi, kwa lugha yake, kwa nini mjukuu wake alipelekwa kwa ajili ya malaria akadungwa chanjo ya mbwa. Umweleze asiogope, na wala usimdanganye. Akikubali, utajuaje kwamba amekubali kwa kuelewa na si kwa heshima tu ya koti jeupe? Kuna watu wamefanya kazi ya maisha yao yote juu ya swali hilo moja. Hata neno lenyewe ni mtego. Ukiingia kijijini ukasema "nafanya uchunguzi," kuna atakayesikia polisi, na kuna atakayesikia vipimo vya maabara.

Mkondo wa mawasiliano ya afya ndio huo. Wengi wadhani ni kuchora mabango ya kunawa mikono. Si hivyo. Ni mahojiano, ni maadili ya utafiti, na ni takwimu, kwa hivyo anayekimbia hesabu na ajue mapema kwamba hesabu zamngoja. Mimi naona kijana wa Kilifi anayezungumza Kiswahili na Kigiriama, na anayezijua hesabu zake, ana jambo mkononi ambalo mgeni wa kutoka mbali atalipia mkalimani miaka na asilipate.

Tuvuke Mida twende Uyombo. Serikali ilipapendekeza mahali pale kwa mtambo wa umeme wa nyuklia. Ni karibu na Watamu, karibu na hori ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Wavuvi na wakazi wengi walikataa, na Mei 2024 maandamano yakaishia kwa mgongano na polisi, watu wakaumia. Mimi sitawaambia hapa kama nyuklia ni nzuri au mbaya, si fani yangu. Nauliza la kimawasiliano. Mvuvi aliambiwa nini, lini, kwa lugha gani, na nani? Aliposema hapana, hapana yake iliandikwa wapi? Katiba ya 2010, kifungu cha 10, imeutaja ushirikishwaji wa wananchi kuwa ni katika misingi ya utawala. Je, kuita watu chini ya mwembe, kuwapa soda na kuwasainisha karatasi ya mahudhurio ndiko kushirikisha? Mwanafunzi wa mawasiliano ya mazingira au ya maendeleo akilichukua swali hilo, tasnifu yake iko mlangoni.

Na hapa niseme kitu ambacho vyuo havisemi sana. Mkondo mmoja waweza kukuweka upande wowote wa meza. Ujuzi ule ule wa kueleza hatari, mmoja atautumia kuwasaidia wanakijiji waelewe na wajibu, na mwengine atautumia kuwanyamazisha kwa maneno laini na kofia za bure. Mshahara wa huyu wa pili kwa kawaida ni mkubwa. Basi uingie ukijua.

Mfano wa tatu ni mzito, na nitauzungumza kwa adabu kwa sababu marehemu wana wazazi na ndugu, na wengine ni majirani zetu. Aprili 2023 dunia nzima ilijifunza jina la Shakahola. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule. Mhubiri anayetajwa, Paul Mackenzie, kabla ya msitu alikuwa na televisheni, na mahubiri yake yalisambaa kwenye intaneti. Kuhusu vifo vyenyewe alishtakiwa mwaka 2024, na hayo ni ya mahakama. Lakini hukumu iliyotangulia ilikuwa ipi? Desemba 2023 alihukumiwa kifungo cha miezi kumi na miwili kwa kuendesha studio na kusambaza filamu bila leseni. Yaani sheria iliyomkuta hapo ilikuwa ni sheria ya vyombo vya habari!

Hebu mlifikirie hilo. Kenya kuna Mamlaka ya Mawasiliano inayotoa leseni za utangazaji, kuna Baraza la Vyombo vya Habari chini ya sheria ya 2013, kuna Bodi ya Filamu. Mahubiri yalipita katikati ya hao wote kwa miaka. Mpaka uko wapi baina ya uhuru wa kuabudu na ujumbe unaomuua msikilizaji? Ukiipa serikali nguvu ya kufunga kituo cha huyu, kesho haitafunga cha mwenye kuikosoa? Na sisi Waislamu tusisimame mbali tukanyoosha kidole. Tuna redio zetu, tuna mashekhe wa kwenye simu wasiojulikana walisoma wapi, na vijana wa pwani hii wamewahi kupotezwa na kanda na video mpaka wakavuka mpaka wasirudi. Mkondo wa sera na sheria ndio unaoshughulika na maswali haya, na kwa maoni yangu ndio tulio na upungufu nao mkubwa zaidi. Vijana waukimbia kwa sababu hauna kamera na hauna jina kubwa. Kaukau kama mkate usio chai. Lakini muswada wa sheria ya utangazaji ukija, ni nani wa Malindi atakayeusoma kifungu kwa kifungu na kupeleka maoni yaliyoandikwa?

Mikondo mingine nitaipitia upesi. Mahusiano ya umma na mawasiliano ya mashirika yana ajira, hilo kweli: kaunti, mabenki, hoteli za Watamu na Malindi zikiwa na msimu mzuri. Pia ndiko kulikojaa watu kuliko kwengine. Uandishi wa habari, kama uko tayari kwenye chumba cha habari, masta itakunyanyua. Aga Khan pale Nairobi wana masta ya uandishi wa kidijitali inayofaa watu wa namna hiyo. Kama hujawahi kuandika habari hata moja, anza kuandika kwanza. Mkumbuke mwaka 2020, wakati wa Korona, vyombo vikubwa vya Nairobi vilipunguza wafanyakazi, na wenye uzoefu wa miaka walirudi nyumbani. Filamu, naipenda, na wazee wetu wa Mambrui wanaondoka na hadithi zao bila kurekodiwa. Lakini mwenye kutaka kurekodi wazee na aanze wiki hii kwa simu yake, asingoje fomu.

Kabla ya kulipa hata shilingi, fanyeni kazi ya miguu. Nenda idarani, au andika barua, uliza kwa jina: mhadhiri gani husimamia tasnifu za mkondo huu, na ana wanafunzi wangapi sasa? Kuna mikondo iko kwenye kijitabu cha chuo tu, haina mwalimu. Uliza, tukiwa wanafunzi watatu mkondo utafunguliwa? Uliza walioingia pamoja, wangapi wamehitimu. Asipotaka kukujibu, amekujibu. Hakikisha kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Anayekwenda nje, iwe Dar es Salaam ambako shule ya uandishi iliingizwa Chuo Kikuu mwaka 2003, iwe Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa Malaysia, na aulize mapema jinsi cheti kitakavyotambuliwa akirudi. Na kumbukeni utafiti wahitaji kibali cha NACOSTI na wa maadili, na mahojiano ya Kiswahili na Kigiriama kuyatia kwenye tasnifu ya Kiingereza ni kazi ya miezi. Itieni kwenye hesabu zenu.

Istikhara ina mahali pake, na mwezi huu ndio wenyewe. Na kutaka shauri pia kuna mahali pake.

Nina karatasi mbili za maswali.

Dada mmoja yuwasema ana watoto wawili, mumewe yuko Oman kikazi, hawezi kukaa Nairobi miaka miwili. Je, aache? Dada yangu, usiache, panga. Vipo vyuo vinavyofundisha wikendi, na vyengine kwa njia ya mtandao, kwa hivyo tafuta hao kwanza kabla ya kutazama jina kubwa la chuo. Ukichagua swali la hapa hapa, mwaka wa pili wote uko nyumbani, manake shamba lako la utafiti ni Shella, ni Barani, ni Maweni. Kisha una mlango ambao mimi sina. Wakina mama kwenye arusi, kwenye hitima, jikoni mwa futari, huambiana mambo ya afya na ya dawa ambayo hayafiki redioni abadan. Redio gani wanaisikiliza, sauti gani za WhatsApp wanatumiana, wanamwamini nani? Mwanamume hawezi kuingia humo akauliza. Mwandikie msimamizi hayo kwenye barua ya kwanza.

Ya pili. Kijana yuwasema: babangu ndiye anayelipa, yuwataka nisome mahusiano ya umma kwa sababu kaunti huajiri. Mimi moyo wangu uko kwenye sera. Nifanyeje?

Usigombane na babako, na Ramadhan hasa. Naye si mjinga, ameona watu wakiajiriwa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ina sehemu nzima juu ya mawasiliano ya kaunti na haki ya mwananchi kupata habari, na tangu 2016 kuna sheria ya nchi nzima ya kupata habari. Basi tia alama pale anapotaka baba. Halafu swali la tasnifu liwe hili: bajeti ya kaunti ilipotangazwa, mtu wa Magarini asiyesoma Kiingereza alifikiwa na nini? Chukua mwaka mmoja wa fedha, chukua vijiji viwili, kimoja cha barabarani na kimoja cha ndani. Fuata tangazo moja kutoka ofisini Kilifi mpaka chini ya mwembe, uone limefika na maneno mangapi. Hapo utakuwa kwenye mahusiano ya umma kwa cheti, na kwenye sera kwa kazi, na karatasi ya kwanza waweza kuianza kabla ya Idd, manake matangazo yenyewe yamebandikwa ubaoni na hayana kiingilio.